Mgahawa Usiolala, Benaco

Jumanne, 15 Julai 2025

Sijalala vizuri. Mama amepiga simu kutoka Ngara mjini nikiwa bado navaa viatu. Hakuisubiri shikamoo yangu iishe. Amesema Jumapili mchana anakuja Benaco na mdogo wangu Zawadi kuuona mgahawa kwa macho yake. Akikuta meza tupu, funguo zinahamia kwa Zawadi siku hiyohiyo, na mimi naenda Biharamulo kwa mjomba Yunusu, kupima misumari dukani.

Misumari! Mimi, Abdulkadiri, mjukuu wa mpishi wa Pangani! Na huyo Zawadi nilimfundisha mimi kufunga kamba za viatu.

Ukweli usemwe: wateja hawaji. Malori ya Rusumo na ya Burundi yanasimama hapa usiku, madereva wanashuka na njaa zao, halafu wote wanaingia kwa Odeta, ng'ambo ya barabara. Odeta hana hata kibao. Ana mabenchi, masufuria na turubai. Mimi nina kibao chenye taa: PANGANI USIKU KUCHA, HATULALI. Jana nilijiegesha kidogo baada ya saa sita, nikazinduka adhana ya alfajiri inaita. Muda wote huo hakuna mteja hata mmoja aliyekuja kuniamsha. Soko limekufa.

Jumatano, 16 Julai

Nimeamua kupeleleza. Kofia ya baridi hadi kwenye nyusi, barakoa, koti la marehemu baba. Nimevuka barabara nikichechemea ili nisitambulike. Odeta akanikaribisha kwa jina langu, akanipa pole ya mguu.

Nimeagiza supu na ndizi, kwa sababu za kikazi. Supu ilikuwa ya moto hadi ikanitoa machozi. Nikaongeza bakuli la pili, pia kwa sababu za kikazi. Siri yake nimeitafuta kila pembe. Mwanamke yupo mekoni tu, anachochea moto, anakoroga, anasalimia watu kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Hakuna cha kuiga.

Pembeni yangu alikaa Fideli, dereva wa siku nyingi, ambaye wenzake humpigia simu kumuuliza wale wapi usiku kuanzia Kahama hadi mpakani. Nikamdodosa. Akasema usiku dereva hasomi vibao. Anaangalia malori yamesimama wapi. Penye malori pana chakula.

Nilisimama wima! Nikasahau kabisa kuchechemea. Kumbe tatizo si chakula. Tatizo ni kwamba mbele yangu hakuna lori.

Alhamisi, 17 Julai

Lori limepatikana! Fundi Matiasi analo moja limelala nyuma ya gereji yake miaka mingi. Halina injini wala vioo vya pembeni, lakini gizani, kwa mbali, ni lori kabisa. Nimemwahidi pilau mwezi mzima. Consolatha, mpishi wangu, ameuliza kama isingekuwa nafuu kumwongezea kuni, moto usiwe unazimika mapema. Nimemweleza kwamba yeye ni mtu wa jikoni, haoni mbali.

Tumelivuta jioni kwa trekta. Kamba imekatika hatua chache kabla ya kufika, kwa hiyo mkia umebaki barabarani kidogo. Matiasi amesema atalisogeza kesho. Mimi sina haraka, mkia unaonekana vizuri pale ulipo. Nimelipangusa vumbi na kutundika taulo dirishani, lionekane lina mwenyewe.

Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Nimechungulia barabarani hadi shingo inauma.

Ijumaa, 18 Julai

Usiku wa mikosi! Lori la kwanza lilipunguza mwendo. Likasimama! Nikakimbilia ndani, nikavaa aproni. Dereva akashuka, akalizunguka lori langu, akatikisa kichwa kwa huruma. Kisha akaingia vichakani, akakata matawi, akayapanga barabarani mbele na nyuma, kama dereva yeyote anavyomfanyia mwenzake aliyeharibikiwa. Akapanda, akaondoka zake.

Wa pili akaongeza matawi. Wa tatu akaleta na mawe. Kabla sijafumba macho, mbele ya mgahawa wangu palikuwa pameota pori. Na kila lori likiyaona matawi linakata kwenda upande wa pili, na upande wa pili ni uwanja wa Odeta! Mimi ndiye ninayempelekea wateja!

Asubuhi nikayaondoa yote. Hata sijapangusa mikono, Fideli huyo, anatoka Rusumo. Akafunga breki, akashuka macho mekundu. Akaniuliza nimelelewa na nani hata niondoe matawi ya mtu aliyekwama, au nataka watu wafe. Nikasema samahani mzee. Nimeyarudisha mwenyewe, moja moja, naye amesimama ananikagua.

Nimempigia Matiasi aje avute lori. Yuko msibani Nyabusozi. Trekta limeenda Kanazi kubeba mahindi. Wote watarudi wiki ijayo, Mungu akipenda.

Jumamosi, 19 Julai

Mambo yamegeuka. Jana usiku Odeta alivuka barabara na bakuli limefunikwa kwa sahani. Akauliza yuko wapi dereva wa lile lori bovu, maana kwake mtu aliyekwama njiani hanunui chakula. Amesema yeye mwenyewe aliingia nchi hii akiwa mgongoni mwa mama yake, na waliowapa chakula cha kwanza hawakuwauliza hata majina. Ningesema nini? Nikasema dereva amelala ndani ya lori, nitampelekea.

Nikampelekea. Yaani nilipanda, nikafunga mlango, nikala. Ilikuwa supu ya mbuzi. Ili kulinda siri nikangoja humo ndani kidogo, na kwa kuwa kiti ni kirefu, usingizi ukanichukua.

Leo mchana kaleta tena, safari hii na chapati. Anasema huyo dereva ana haya sana, nimwambie ajisikie yuko nyumbani. Nimesema nitamwambia. Nilijisikia vibaya, kweli nilijisikia vibaya. Chapati zilikuwa laini.

Mpango wa kesho ni mwepesi. Mama akija mchana atakuta majirani wote wanakula pilau ya bure, meza zimejaa. Kwa hiyo usiku huu nipumzike mapema, ndani ya lori, endapo supu italetwa.

Jumapili, 20 Julai

Mama hakuja mchana. Mama ana tabia ya kufika kabla ya saa aliyosema, na mimi mwanawe ndiye nimesahau! Walifika na Zawadi kabla hata ya adhana. Wakakuta kibao kinawaka HATULALI, mlango umefungwa, majivu ya baridi mekoni, Consolatha keshaenda kwake. Wakagonga. Kimya. Wakavuka kwa Odeta kuniulizia.

Odeta akawapa chai ya maziwa. Akasema jirani yake hajamwona, ila anayemtia wasiwasi ni dereva wa lile lori. Tangu juzi hajatoka nje, labda ni mgonjwa, na sasa hivi ametoka kumwachia supu mlangoni pa lori. Mama yangu hawezi kusikia habari za mgonjwa akaendelea kukaa. Akavuka barabara, akapanda lile lori na magoti yake mabovu, akafungua mlango.

Nilikuwa na mfupa mdomoni.

Nikautoa, nikasema shikamoo Mama. Mama hakuitika. Nyuma yake alisimama Odeta na kikombe cha chai ya mgonjwa. Akanitazama mimi, akalitazama bakuli lake. Halafu akasema taratibu kwamba kama nilikuwa na njaa ningevuka tu, jirani haombi. Bora angenitukana. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, nikatamani hata hiyo misumari ya Biharamulo.

Mwishowe Mama akasema marahaba, akanyoosha mkono. Nikampa funguo. Zawadi hakucheka, na hilo limeniuma kuliko angecheka. Nilimsikia akimbembeleza Mama kwamba nisipelekwe kwa mjomba, nibaki hapa nipasue kuni.

Nimelia kidogo nyuma ya tangi la maji. Mgahawa ule niliupaka rangi kwa mikono yangu.

Jumapili, 27 Julai

Wiki nzima sijalala. Sasa hata nikitaka siruhusiwi: Zawadi hataki moto uzime, na kuni ni mimi. Matiasi alirudi akalivuta lori lake. Nimepasua magogo hadi viganja vina malengelenge. Consolatha anaimba. Hajawahi kuimba wakati wangu.

Jana meza zilijaa! Malori yalisimama mbele yetu mstari mzima. Fideli alikula pilau usiku wa manane, inatoa moshi, akapiga simu palepale kuwaambia wenzake kwamba Benaco sasa kuna pa kula pawili. Watu wanampongeza Zawadi. Watu wanaona karibu. Ni nani aliyewazoesha madereva kutazama upande huu wa barabara? Mkakati wangu ulikuwa sahihi, ulitaka muda tu wa kuiva. Nimemweleza Consolatha hayo yote kwa kirefu. Ameniambia kuni zinaisha.

Kinachoninyima raha ni Odeta. Wateja wake wamegawanyika, ingawa mwenyewe anasema sasa anapata nafasi ya kukaa chini. Hayo ni maneno ya mtu anayeficha maumivu. Alinilisha nikiwa nimekwama, siwezi kumtazama akianguka. Jioni hii nimevuka barabara na kalamu sikioni, nikamwambia nipo tayari kumshauri kuhusu biashara, bure, kwa kuwa uzoefu wa kuendesha mgahawa wa usiku ninao. Amenisogezea kisu na mkungu wa ndizi. Nimemweleza kwamba mshauri hamenyi ndizi, na kesho aniandalie ofisi.