Uthibitisho wa Kupendwa kwa Ndoo Juu

Serikali inapenda kuutangazia umma kwamba mchezo wa video uitwao Ndoo Juu unachezwa na kila mtu, na kwa hiyo unapendwa. Kilichobaki ni uthibitisho tu.

Kazi hiyo nyeti alikabidhiwa Kaimu Mkurugenzi wa Kitengo cha Mapenzi ya Umma kwa Michezo. Ukaimu ulikuwa umemchosha, jamani! Waziri alimwahidi kwamba mambo yakienda sawa, ukurugenzi kamili ni wake. Basi mwenzenu akafunga tai, akajaza ukumbi wachezaji, akaita televisheni irushe matangazo moja kwa moja.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Unapandisha ndoo ya maji ngazini. Ikimwagika, unarudi chini. Na haijawahi kutomwagika.

"Unaupenda?" Kaimu alimuuliza msusi aliyekaa mbele.

"Mimi? Aah, mawifi zangu wote wamo humo. Nikitoka si watanisema?"

"Andika: anaupenda kifamilia," Kaimu akamwambia karani.

"Na wewe, fundi?"

"Tajiri wangu anacheza. We ungeacha?"

"Andika: anaupenda kikazi."

Hapo Kaimu akaficha mkono mfukoni. Yeye mwenyewe alicheza kila siku kwa kuwa Waziri alicheza, na kidole gumba kilishavimba.

Waziri, aliyekuwa mgeni rasmi ukumbini, akaona majibu hayana ladha. "Hawa wanaoneana haya," alisema. "Wafumbe macho wote, hata mimi nafumba, nisionekane najitenga. Asiyeupenda anyooshe mkono. Kaimu, hesabu wewe."

Wakafumba. Mikono ikanyooka ukumbi mzima. Msusi alinyoosha yote miwili. Na pale kwenye kiti cha heshima, loo! Mkono wa Waziri ulikuwa juu kuliko yote, saa ya dhahabu ikimeremeta.

Kaimu nusura alie kwa furaha. Kumbe hata mzee! Kisha akakumbuka cheo chake.

"Shusheni! Fumbueni!" akatangaza. "Mheshimiwa, sijaona hata mkono mmoja."

Shida ni kwamba kamera haikuambiwa ifumbe. Nchi nzima iliona. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, kisha kila mtu akaufuta mchezo kwenye simu yake, mawifi wakiongoza.

Wizara haikuyumba. Ilifafanua kwamba Mheshimiwa alikuwa akinyoosha viungo. Kaimu alipewa ukurugenzi wake, na ili kuondoa shaka, Ikulu ikaagiza viongozi hao wawili wacheze hadharani kila siku ya kazi. Utafiti mpya umeshatoka: asilimia mia moja ya wachezaji wanaupenda Ndoo Juu.

Jana Waziri alimwaga tena, akarudi chini.

"Mkurugenzi," alinong'ona, "hivi wewe unaupenda kweli?"

Mkurugenzi aliitupia kamera jicho.

"Kupita kiasi, Mheshimiwa. Na wewe?"

"Mimi? Mimi nitazikwa nao," alisema Waziri, akainua ndoo.