Juu ya Kilio ya Mademoni na Adhabu ya Mutoto Yangu Chancelvie

Kwako Bwana Prezida Clément,
Kikundi ya Michezo ya Meza, Karavia, Lubumbashi

Bwana Prezida,

Pokea kwanza salamu ya mama mwenye kuheshimu bantu, kiisha ukae vizuri ku kiti, juu barua hii haiko mufupi.

Mimi ni mama ya Chancelvie. Jina yangu labda hauijue, lakini yake unaijua: njo ule binti kikundi yenu ilifukuza siku ya posho, jumamosi iliyopita. Mwezi muzima bila kucheza, na nafasi yake mu safari ya Kambove, ku mashindano ya Pasaka, mumepatia Israël. Sina neno na Israël, ni kijana ya heshima. Lakini kila akirusha kete, kete inaanguka chini ya meza.

Mimi nilisoma mupaka sixième primaire, darasa ya sita, lakini Chancelvie alinielezea ule muchezo na nikaelewa mara moja. Bantu banakaa ku meza. Kila mutu iko na muntu yake ya muchezo, mwenye kuandikwa ku karatasi. Constantin, mwenye munaitaka maître, mukubwa ya muchezo, anaelezea hatari. Bachezaji banasema bantu babo banafanya nini. Kete inaamua kama imewezekana. Basi. Kupika sombe ni nguvu kupita ile.

Malalamiko yangu ni hizi:

1. Constantin alisema mu pango muko simba ya vichwa tatu, lazima ipigwe. Bengine bote balichomoa panga. Mutoto yangu aliuliza tu: mulango ya pango inafungukia ndani ao inje? Inje. Basi akafunga mulango, akaweka jiwe mbele yake, akaendelea na safari. Simba iko mule mupaka leo. Constantin alikasirika eti alitayarisha ile simba juma mbili. Sasa ni kosa ya nani? Mutu akipika bila kuuliza bageni kama bana njaa, asilie.

2. Ku daraja kulikuwa askari mia moja. Chancelvie alimwanga mafuta ya ngazi, ile ya mawese, ku mbao, bote bakateleza, bakaingia mu mto. Constantin akasema mafuta haiko ku karatasi yake. Bwana Prezida! Muntu ya Chancelvie ku ule muchezo ni mama muuzishaji ya samaki ya Kasenga. Nani alishaka kuona muuzishaji ya samaki hana mafuta? Akili ile haikutoka ku kete. Aliinyonya kwangu.

3. Sasa tufike ku ile yenye kuleta adhabu. Mademoni makumi tatu balizunguka kikundi. Panga zimevunjika, mafuta imeisha, bengine banaanza kufunga makaye yabo ya kuandikia. Chancelvie akauliza kwa heshima: hawa mademoni, mbele ya kuwa mademoni, balikuwa nini? Constantin, na kiburi yake yote, akasoma: balikuwa bantu ya mugini moja, balilaaniwa. Akauliza tena: na banakumbuka? Akajibu: banakumbuka yote, njo mateso yabo.

Pale mutoto akafinya Israël chini ya meza. Israël akaelewa (mara moja mu maisha yake) akasema muntu yake amekufa. Chancelvie akafungua kitambaa ya kichwa, ile ya kweli, haiko ya ku karatasi, akapiga kilio. Ee kaka yangu, umeniachia nani, samaki nitamukaangia nani! Mupaka sentinelle, mulinzi ya nyumba ya jirani, alikuya kutoa pole.

Nani mu Lubumbashi haijue? Ukikuta kilio, ata ni kwa adui yako, kile uko nacho mu mukono unaweka chini, unakaa. Banaume inje pembeni ya moto, banamuke ndani ku mukeka. Ugomvi inangoja mupaka maziko. Basi mademoni, bantu ya zamani yenye kulelewa, bangefanya nini? Kete ikarushwa, ile ya sura makumi mbili: makumi mbili juu ya makumi mbili. Bakakaa. Chancelvie akabapatia chai, akakusanya mikuki yabo eti anaipanga vizuri ku ukuta, kiisha akabeba maiti yake, akatoka.

Constantin akasimama, akasema mademoni habafanyake kilio. Habafanyake? Na bakifa, nani anabalilia? Kama yeye analeta ku meza mademoni ya bila malezi, abalete kwangu juma mbili. Batajua kusalimia, batajua kuosha sahani.

Kwa hiyo ninalomba: Chancelvie arudie mu safari ya Kambove. Kilio iandikwe mu règlement, mu sheria ya muchezo, pamoja na chai. Constantin alombe musamaha, kwanza kwa mutoto, kiisha kwa mademoni, juu alibasema vibaya mu kilio. Na ule simba mumufungulie, hakukosea mutu.

Nisikufiche kitu, Bwana Prezida. Tangu siku ya posho Chancelvie anakula matonge mbili ya bukari, anaacha. Kete yake ameifunga mu muswara, leso yake, kama jino ya mutoto. Mimi nimezoea kumusikia akicheka.

Unisalimie mama ya kwako, batoto, Israël, na ule sentinelle ya jirani mwenye malezi mazuri. Constantin pia. Nimemusamehe nusu.

Mimi mwenye kukuheshimu,
Mama Léonie, mama ya Chancelvie

P.S. Nilikuwa tayari kufunga barua, Chancelvie akasema: mama, ujaribu kwanza. Jana kiisha misa tukacheza kwetu, mimi, yeye na Chama jirani yetu. Nilipewa kuwa mufalme ya mademoni. Nilikuwa ninashinda, Bwana Prezida! Ghafula Chama akasema amekufa, na mutoto yangu akafungua kitambaa. Nilijua. Mimi mwenyewe njo niliandika pale juu. Lakini kilio ni kilio: nilivua viatu, nikakaa ku mukeka, nikalilia Chama mupaka machozi ya kweli. Kuinua kichwa, bote bawili hakuna. Mulango yetu inafungukia inje. Balikuwa balishaweka kiti mbele yake.

Basi yote ya pale juu uipitishe bic, uifute. Mwezi moja ni kidogo kwa mutoto kama ule, uongeze ya pili. Na ku Kambove usitume Israël. Uandike mimi, upande ya mademoni. Nimekwisha kupata dawa: demoni akifika ku kilio, mbele ya kukaa, alombe kwanza kuona maiti.