Sanduku la Maoni Lisiloingilika

Ndugu Mwenyekiti wa kikao hiki, ambaye ni mimi. Ndugu Katibu wa kikao hiki, ambaye ameniarifu kwa simu kwamba yuko njiani. Waheshimiwa wajumbe wa Kikosi Kazi cha Kinga ya Biashara dhidi ya Ongezeko la Chuma Kiingiacho, mlioko hapa na hasa msiokuwepo. Ndugu Meneja wa kiwanda hiki cha nondo na misumari, ambaye ghala lake tupu limetupatia ukumbi mpana kuliko tulivyotarajia. Mafundi wa tanuri, wakata nondo, wachomeleaji, wapakia misumari, akina mama wa kantini. Ndugu dereva wangu. Na kwa namna ya pekee kabisa shangazi yangu wa damu, Msimamizi wa Tanuri, ninayemwona mstari wa mbele amekunja mikono: itifaki imezingatiwa.

(Makofi ya watu wawili. Mmoja ni dereva.)

Ahsanteni, ahsanteni, inatosha. Nianze kwa kuwapongeza. Nawapongeza kwa kuja, nawapongeza kwa kukaa, na nawapongeza kwa subira mliyoionyesha katika zile saa tatu na nusu ambazo nilikuwa sijafika kutokana na changamoto za kiutendaji zilizomkumba mpiga pasi wangu. Leo ni siku kubwa. Leo tunafunga rasmi zoezi la kukusanya maoni ya wadau kuhusu hatua za kinga, zoezi ambalo nathubutu kusema, bila kujisifu ingawa nastahili, limekuwa la kwanza la aina yake kwa ukubwa, kwa upana, na kwa uzito, na hilo la uzito nitalirudia kwa takwimu.

Ndugu wadau, hali ya chuma si nzuri. Kwa mujibu wa ripoti ambayo nimeisoma mwenyewe hadi ukurasa wa nne, nondo zinazoingia kutoka nje zimeongezeka kwa asilimia mia mbili na kumi, mabati kwa asilimia mia moja na sitini, na misumari, jamani, misumari imeongezeka kiasi kwamba kikokotoo cha ofisi kiligoma na tukalazimika kukipeleka kwa fundi. Nondo ya nje inauzwa hapo dukani ng'ambo ya barabara kwa bei ambayo ninyi hamuwezi hata kununulia chuma chakavu cha kuyeyusha. Hii, kitaalamu, tunaiita changamoto.

("Hayo tunayajua! Sema la Ijumaa!" Ni sauti ya shangazi. Watu wanaitikia: "Ijumaa! Ijumaa!")

Shangazi, nakuja huko, nilikuwa nimelipanga ukurasa wa kumi na moja, lakini basi, kwa kuwa serikali ni sikivu, nitaruka. La Ijumaa ni kwamba Meneja ametangaza kuwa lile rundo la vyuma chakavu pale nje litatosha mpaka Ijumaa mchana. Kwamba hatanunua jingine mpaka aione barua ya ushuru wa kinga. Kwamba tanuri likikosa cha kuyeyusha litazimwa. Na kwamba tanuri lile ni zee, likipoa matofali yake ya ndani yatapasuka, haliwashwi tena, na watu mia mbili na kumi na wanne watakwenda nyumbani kwao wakakae. Nimelieleza vizuri?

("Umelieleza vizuri, Baadaye!" Kicheko kirefu kutoka kwa wakata nondo.)

Naomba utulivu. Shangazi, nakuomba kwa heshima zote, hapa mimi si mtoto wa kaka yako, hapa mimi ni Ofisi. Jina hilo la Baadaye nilipewa nikiwa na miaka saba, kwa sababu nilikuwa nikitumwa maji nasema baadaye, nikitumwa kuni nasema baadaye, na halina uhusiano wowote na utendaji wangu wa sasa, ambao utathibitishwa hivi punde, yaani muda si mrefu.

(Kicheko tena. Meneja anajifanya anakohoa.)

Sasa tuje kwenye sanduku. Ndugu wadau, sheria iko wazi: siwezi kusaini barua ya ushuru wa kinga mpaka maoni ya wadau yawe yamepokelewa, na kifungu cha tisa kinafafanua kuwa yamepokelewa maana yake yamo ndani ya sanduku. Kwa hiyo Kikosi Kazi kilijifungia miezi kumi na minne kuandaa framuweki ya sanduku. Tulifanya wokishopu saba. Tulikula vitafunio. Tulijiuliza swali gumu: je, mtu mbaya akitaka kuchezea maoni ya wananchi, ataingilia wapi? Mjumbe mmoja akasema ataingilia juu, tukaziba juu. Mwingine akasema ataingilia pembeni, tukaziba pembeni. Mimi mwenyewe, saa sita usiku, nikiwa nimelala, nilizinduka nikasema: chini! Tukaziba na chini. Matokeo yake ni hili mnaloliona hapa mbele yenu, chuma kitupu, unene wa kidole, limechomelewa pande zote sita, sanduku la maoni lisiloingilika.

(Dereva anapiga makofi. Anajikuta peke yake, anaacha.)

Najua yupo atakayeuliza, mbona sanduku la kukusanyia maoni kuhusu chuma cha nje limetengenezwa kwa chuma cha nje? Ni swali zuri sana. Jibu lake ni kwamba lilikuwa bei rahisi. Na kwa kuwa lilikuwa bei rahisi hatukuagiza moja, tuliagiza mia tatu na kumi na mawili, moja kwa kila kata, na yale mengine yamehifadhiwa kwa usalama mkubwa katika ghala la Ofisi, hapo jirani na kituo cha mafuta, na funguo ninazo mimi, hizi hapa, zisikilizeni.

(Anatikisa funguo. Wachomeleaji wanatazamana.)

Mafanikio, ndugu zangu! Kwa miezi minane sanduku hili limesimama getini kwenu, na kila Jumatatu nimemtuma mtumishi aje alipime. Lilipoletwa lilikuwa na kilo mia moja na arobaini. Jumatatu hii lilikuwa na kilo mia moja na arobaini. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba katika kipindi chote hicho hakuna oni hata moja lililoibiwa! Tena kati ya maoni yote yaliyomo, malalamiko ni sifuri, yaani ridhaa ya wadau ni asilimia mia moja, kiwango ambacho...

(Fundi mmoja wa kuchomelea, bado amevaa miwani ya kazi kipajini, amesimama. "Samahani mzee. Karatasi tunaingizia wapi?")

Kaa chini, kijana wangu, maswali ni mwishoni.

("Ndiyo mwishoni, umesema leo mnafunga. Mimi karatasi yangu ninayo mfukoni tangu mwezi wa pili. Imeshafuliwa mara tatu." Sauti nyingine nyuma: "Na mimi! Mlinzi kila siku ananiambia tundu liko ofisini!" Mlinzi, kutoka mlangoni: "Ndivyo nilivyoambiwa jamani, msinitie maneno mdomoni!")

Utulivu! Utulivu, tafadhali. Hili ni jambo dogo la kiufundi na nitalifafanua papo hapo kwa vitendo. Karatasi inaingizwa, bila shaka, kwenye, kwenye sehemu yake maalumu, ambayo ipo, subirini.

(Mwenyekiti anashuka jukwaani. Analizunguka sanduku mara moja. Analizunguka tena, kinyume. Anapapasa juu. Anapiga magoti na suti yake, anachungulia chini. Anarudi kwenye kipaza sauti akijifuta magoti.)

Ndugu wadau, tundu liko awamu ya pili.

(Kelele, miluzi. Mama mmoja wa kantini amekaa chini kabisa kwa kucheka.)

Mnacheka, lakini mradi mkubwa huenda kwa awamu! Awamu ya kwanza sanduku, awamu ya pili tundu, awamu ya tatu kufuli ya tundu. Hamuwezi kuanza na tundu, mtalitoboa wapi? Shangazi, unakwenda wapi? Shangazi, kikao hakijafungwa. Fundi, nakuonya, hiyo grenda irudishe ulikoitoa. Hiyo ni mali ya umma. Shangazi, mwambie.

("Kata hapo juu," anasema shangazi. "Pana, watu tuko wengi.")

Naendelea na hotuba. NAENDELEA NA HOTUBA. Ukurasa wa kumi na tano. Katika muktadha wa rodimapu ya, hizo cheche zinakuja kwangu jamani, katika muktadha wa rodimapu ya ushirikishwaji, wadau wote, naomba anayekata aelekeze upande ule, wadau wote watapewa fursa sawa ya...

(Grenda imezimwa. Juu ya sanduku kuna mwanya wa kupita kiganja. Fundi amechungulia. "Tupu," anasema. "Hata vumbi hamna." Watu wanapanga mstari wenyewe, karatasi mikononi, na wanaanza kutumbukiza. Zinasikika zikigonga chini.)

Ndugu zangu. Naona zoezi limeanza. Naomba liingie kwenye kumbukumbu kwamba limeanza ndani ya muda. Shangazi, wewe usitumbukize, wewe nipe mkononi, wewe ni ndugu. Nipe nikusomee, najua huna miwani. Wadau wote, oni la Msimamizi wa Tanuri, nalinukuu kama lilivyo. "Mwanangu, ulisoma kwa tanuri hili. Viatu vyako vya kwanza nilivinunua na mikono imeungua mpaka kwenye kiwiko, nikakufunga kamba mwenyewe. Ulikuwa unasema baadaye nami nakusubiri, maana mtoto husubiriwa. Sasa baadaye imefika. Ni Ijumaa."

(Anaikunja karatasi ya shangazi na kurudi kwenye hotuba.)

Ukurasa wa kumi na sita.

(Hafungui ukurasa.)

Shangazi, vile viatu vilinibana, sikukuambia. Sikutaka useme havifai, ukavirudisha. Nilivivaa mwaka mzima.

("Nilijua," anasema shangazi. "Ulikuwa unatembea kama bata. Haya, maoni yamo ndani ya sanduku, kifungu chako cha tisa kimetimia. Saini barua.")

Barua. Naam. Ndugu wadau, hapa sasa naomba niingie kwenye sehemu ya shukrani.

("Barua!" Ukumbi mzima.)

Kwanza namshukuru mjumbe wa Kikosi Kazi aliyebuni sanduku, ambaye ni mimi, na nawashukuru wajumbe wengine kumi na mmoja, ambao pia, kwa kuwa uteuzi wao ulichelewa, ni mimi. Katibu hayuko njiani. Katibu hajawahi kuajiriwa. Nawashukuru wote walioamini kwamba baada ya maoni kungekuja barua, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwao mpaka juzi, nilipopanda ghorofa ya tano, kwa wakubwa wangu, kuiulizia nikaambiwa hakuna barua, hakuna ushuru wa kinga, wala hakujawahi kupangwa chochote; zilikuwapo fedha za masanduku, zikanunuliwa masanduku. Nilikuja leo kufunga kitu ambacho hakijawahi kufunguliwa. Suti haikuwa na shida ya pasi. Nilikuwa nimekaa ndani ya gari pale kona, naona haya kuja.

(Wakata nondo wameangalia chini. Shangazi amevua kofia yake ya kazi, ameishika kwa mikono miwili.)

Kwa hiyo mamlaka yangu ni madogo, ndugu zangu, madogo mno. Siwezi kutoza ushuru hata wa sindano. Katika mkoba huu nina mhuri mmoja na fomu ya aina moja tu ninayoruhusiwa kuisaini bila kuuliza ghorofa yoyote, nayo ni ya kuondoa mali chakavu ya Ofisi.

(Fundi wa kuchomelea: "Mali chakavu ni nini, mzee?")

Ni mali isiyofaa kwa matumizi yaliyokusudiwa. Kwa mfano kiti kisicho na miguu. Au taipu isiyo na herufi. Au...

(Anasimama. Anatazama sanduku. Ukumbi wote unatazama sanduku. Shangazi anavaa kofia yake tena.)

("Umesema mia tatu na kumi na mawili?" anauliza shangazi.)

Mia tatu na kumi na mawili, shangazi, kila moja kilo mia moja na arobaini, chuma kitupu, unene wa kidole.

("Tani arobaini na tatu na ushee," anasema shangazi, na hajatumia kikokotoo. "Tanuri linakula tani moja kwa siku. Mwezi na nusu huo. Meneja?" Meneja anasema mwezi na nusu unamtosha kutafuta wateja, mradi chuma kiwe kimefika kabla ya Ijumaa mchana. "Kitafika leo," anasema shangazi.)

Ndugu wadau! Natangaza awamu ya pili! Dereva, nishikie mkoba! Kwa mamlaka niliyonayo, ambayo ni haya haya, natamka kwamba masanduku yote mia tatu na kumi na mawili hayafai, hayajawahi kufaa, na hayatafaa, nasaini hapa, na hapa, na nakala hii ya kijani abaki nayo Meneja. Chuma chetu!

("Kazi yetu!")

Chuma cha nje!

("Tanurini!")

Nawashukuru sana kwa kunisikiliza. Zipo kurasa tisa zimebaki, lakini hizo nitawasomea... hapana. Sitazisoma. Karatasi za maoni zitolewe kwanza, nitazipandisha mwenyewe ghorofa ya tano, kesho asubuhi, saa mbili kamili, shangazi unaweza kuja kunisimamia. Dereva, washa gari tuelekee ghalani. Na kwa hayo machache, ngojeni, msinyanyue bila mimi, nishike wapi?

("Shika penye tundu," anasema shangazi, "na uangalie vidole.")