Shirika Lililopata Wanafunzi

Taifa linatangaziwa, kwa furaha kuu, kwamba Shirika la Sera na Mipango ya Elimu limeweka historia. Mimi ndimi Afisa Mkuu wa kuiandika.

Tangu kuasisiwa, Shirika limepanga kila kitu. Lilipanga mpango wa kupanga mipango, likaupitia upya Embu mjini kwa chai na mandazi, kisha likaunda kamati ya kuchunguza kwa nini mandazi yaliisha. Shule zenyewe hazikuguswa. Mtaalamu hafanyi mambo kwa pupa.

Ndipo Mkurugenzi wetu, Daktari Mwongera, alipotia sahihi Sera ya Uwiano: taasisi yoyote ya elimu isiyofikisha idadi ya wanafunzi inayotakiwa ifungwe. Ya kwanza ilikuwa kishule kimoja karibu na Karurumo. Watoto wangehamia ng'ambo ya mto, ambako mvua ikinyesha hakuvukiki. Mto haukutajwa kwenye sera, kwa hiyo haukutuhusu.

Sheria inataka wananchi washirikishwe, nasi tukawashirikisha uamuzi uliokwisha kupitishwa. Kwenye baraza la chifu tulifungua kwa maombi, itifaki ikazingatiwa. Wambeti, mkulima wa kahawa mwenye wajukuu pale shuleni, akainua mkono.

"Dokta, hiyo sheria ni ya taasisi zote za elimu?"

"Zote, mama. Hatubagui."

"Na nyinyi ni taasisi ya elimu?"

"Ya juu kabisa!"

"Haya. Sasa nyinyi mko na wanafunzi wangapi?"

Watu walicheka, hata chifu. Mkurugenzi alikohoa akaomba maji. Mimi niliogopa kweli, maana sijui kazi nyingine.

Tulijifungia tukashauriana. Sera haifutwi bila warsha, na shirika lililofungwa haliandai warsha. Ikabaki njia moja ya kitaalamu: tuunganishwe na shule ile, maafisa wote wasajiliwe kuwa wanafunzi. Idadi ikatimia. Shule ikapona, nasi tukapona, na fundi wa sare akashona kaptura ya Mkurugenzi kwa kitambaa cha kaptura mbili za watoto.

Jumatatu Mwalimu Ruguru alikagua kazi ya nyumbani ya hesabu.

"Mwongera, yako iko wapi?"

"Mwalimu, nimeshaunda jopo. Ripoti ya awali..."

"Toka nje. Kesho ukuje na mzazi."

Akaja naye. Bi Eunice, ajuza kutoka Runyenjes, alimsikiliza mwalimu akitikisa kichwa.

"Mwalimu, huyu alianza kitambo. Nikimtuma maji, anaita wenzake wakae chini waongee. Nilifikiri serikali itamnyoosha."

Akaketi naye dawati la nyuma mpaka hesabu ikaisha. Naandika kwa fahari: hiyo ndiyo kazi ya kwanza Shirika kuikamilisha.