Malalamiko Dhidi ya Somo la Fizikia, Kutoka kwa Mpakia Mizigo wa Tunduma

Tunduma,
Jumapili, 14 Januari 2024.
Ni mwaka mmoja, miezi mitatu na siku chache tangu nitoke Ileje na begi moja.

Kwa Mwalimu Osea,
Mwalimu wa Taaluma,
Shule ya Sekondari ya kata yetu,
Ileje.

Mheshimiwa Mwalimu,

YAH: KUOMBA SOMO LA FIZIKIA LIONDOLEWE KWENYE FOMU YA MWANANGU, NA IKIWEZEKANA LIONDOLEWE SHULENI KABISA

Naandika nikiwa mzima wa afya, isipokuwa kiuno. Mimi ni Yesaya Swila, baba yake Sekela aliyeingia kidato cha tatu mwezi huu. Fomu yako ya kuchagua masomo imenifikia kwa mkono wa kondakta, ikiwa imekunjwa ndani ya mfuko wa maharage aliotuma mke wangu, Gwantwa. Maharage yalikuwa mazuri. Fomu ndiyo iliyonitia taabuni.

Fomu inasema kuanzia sasa mwanafunzi anaweza kuendelea na Fizikia na Kemia, au kuyaacha akachukua masomo ya biashara, na kwamba atakayoyachagua ndiyo atakayofanyia mtihani wa kidato cha nne. Sekela ameweka alama ya vema kwenye Fizikia na Kemia kwa penseli, ili nikikubali apitishe wino juu yake. Saini ya mzazi inatakiwa ifike kabla ya Ijumaa, tarehe 19. Isipofika, shule itampangia yenyewe. Sijasaini. Sababu zangu ni hizi zifuatazo.

1. Nafasi ya "Maoni ya Mzazi" ina mistari mitatu tu. Mwalimu, mimi nikianza kueleza habari za kiuno peke yake mistari mitatu haitoshi. Mzazi aliyesoma sana ndiye anayeweza kumaliza maoni yake kwa mistari mitatu. Sisi tulioishia njiani tunahitaji karatasi, kwa sababu hatujui jambo la maana liko wapi, basi tunaandika yote. Nimechana karatasi nne za daftari kwa kazi hii, nami sioni haya.

2. Fomu inaagiza kwamba "mzazi amshauri mtoto kulingana na uzoefu wake." Naomba ofisi yako ifikirie upya sentensi hiyo, kwani ni ya hatari. Uzoefu wangu ni huu: mwaka 2000 nilikuwa kidato cha tatu, nami nilipewa nafasi ya kuchagua. Niliacha Fizikia na Kemia kwa sababu vipindi vya maabara vilikuwa Alhamisi mchana, na Alhamisi mchana kulikuwa na mpira. Nilikuwa golikipa. Sikuwa golikipa mzuri. Baada ya hapo niliacha Hisabati kwa kutoingia darasani, na masomo mengine yakafuata moja moja, hata ilipofika mwezi wa tano nilikuwa nimeacha shule nzima bila kujaza fomu yoyote. Huo ndio uzoefu mnaotaka nimpe mtoto.

3. Fomu inauliza kazi ya mzazi. Sekela ameandika "Afisa Mizigo, Tunduma." Hapo naomba uniwie radhi na pia unifichie siri. Nilipopata kazi hii nilimwambia kwa simu kwamba nashughulika na mizigo ya kimataifa. Sikusema uongo: mizigo ipo, inakwenda Zambia na Kongo, na mimi nashughulika nayo kwa bega la kulia. Cheo kiliongezeka chenyewe njiani kati ya Tunduma na Ileje. Lakini sasa kimeandikwa kwenye karatasi ya serikali, nami naogopa kusaini chini yake.

4. Kwa kuwa sikuwa na uzoefu, niliona nitumie utaalamu. Hapa kwenye maegesho ya malori tuko watu wanne katika kikundi chetu: Boazi, Damiano, Hezron na mimi. Kiongozi wetu ni Boazi, Mnyiha wa Mbozi, mpole kanisani na mkali penye lori. Ana miaka kumi na moja katika kazi hii, na ana sheria mbili. Ya kwanza: mzigo haukadiriwi kwa macho, lazima uuinue. Ya pili: anayechagua mzigo mwepesi anaupeleka kwenye lori la mbali, lile lililoegeshwa ng'ambo ya matope, na anayechukua mzito anapewa la karibu. Hivyo hakuna anayemnung'unikia mwenzake.

Basi nikamwomba Sekela anitumie kitabu kimoja cha kila somo, akatuma sita ndani ya kiroba. Tukaviinua kimoja kimoja kama tunavyofanya siku zote. Damiano alishika cha Biolojia akasema, "Hiki kina mifupa ndani." Hezron akaweka cha Historia begani, akatembea nacho hatua tatu, akakishusha: "Marehemu ni wengi mno humu." Cha Fizikia ndicho kilikuwa chembamba kuliko vyote. Boazi alikiweka kiganjani, akakipima juu, akakipima chini, kisha akanirudishia haraka. "Mzee wa Ileje, kaa mbali na hiki," akasema. "Chepesi namna hii, lori lake liko Lubumbashi."

Mwalimu, huo ni ushauri wa mtu mwenye miaka kumi na moja kazini. Sijui kama shuleni mna mtu aliyewahi kuviinua vitabu hivyo kabla ya kuwagawia watoto.

5. Tulikifungua kitabu hicho ili tusionekane tumehukumu bila kusikiliza. Kimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo tuliangalia picha. Ukurasa mmoja una picha ya mtu anayesukuma gunia kwenye ubao ulioegemezwa kwenye lori. Mtu wa kazi yetu, ndani ya kitabu! Furaha yetu haikudumu. Mtu huyo amechomekea shati. Hana jasho. Hakuna dereva anayemfokea. Na ubao wake ni mrefu kama boriti ya kanisa, umelala kivivu, wakati wetu una hatua mbili tu na umesimama hivi kwamba Damiano huupanda kama mbuzi. Boazi aliitazama picha hiyo, akauliza, "Huyu anapakia au anatembea na mchumba?"

Chini ya picha kuna hesabu inayodai kwamba ubao ukiwa mrefu nguvu inayotumika ni ndogo. Hilo Sekela aliliandikia Kiswahili pembeni kwa penseli. Naomba kuuliza kwa heshima: kama jambo hilo lingekuwa kweli, sisi tusingekuwa tumelijua? Kati ya watu wanne wanaopandisha magunia kila siku na kitabu chenye uzito wa kandambili, nani aaminiwe?

6. Sababu hii nilitaka kuiacha, lakini karatasi bado ipo. Sekela hupiga simu kila Jumapili. Ananiuliza Tunduma kukoje, nimekula nini, ofisi yangu ina madirisha mangapi. Hayo ni maswali ninayoweza kuyajibu. Ofisi yangu ina madirisha manne, na moja linatazama Zambia. Lakini tangu Fizikia imkolee ameanza kuuliza maswali ya namna nyingine: lori moja linabeba tani ngapi, mnalipakia kwa muda gani, mko wangapi. Mtoto wa namna hiyo siku moja atachukua kalamu, atagawanya tani kwa watu, na jibu litakalotoka halitakuwa afisa.

Tena akifaulu atapelekwa shule ya mbali, na kutoka hapo mbali zaidi. Mimi najua mtu anavyotoka nyumbani kwa miezi mitatu ikawa mwaka mmoja na miezi mitatu. Hakuna aliyenifukuza Ileje. Kila mwezi nasema mwezi ujao, nikiwa na nguo nzuri kidogo, nikiwa nimenyooka kidogo mgongoni, nifanane na lile jina la Afisa alilonipa.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo. Kwanza, Sekela aondolewe kwenye Fizikia na kuwekwa kwenye masomo ya biashara, ambayo kitabu chake kilikuwa na uzito wa wastani na hakikuleta mgogoro. Pili, ikiwa kumwondoa yeye peke yake kutaonekana ni upendeleo, basi waondolewe wanafunzi wote. Tatu, kwa kuwa Mwalimu wa Fizikia atabaki hana kazi, Boazi amekubali kumpokea hapa Tunduma. Nafasi moja ipo, ila asije amechomekea. Nne, kuanzia mwakani kusiwe na kuchagua kabisa. Watoto wapangwe mstari, kila mmoja ainue vitabu, apewe anavyoviweza, na mitihani isimamiwe na watu wenye mabega.

Nisalimie walimu wote, mpishi wa shule, na mlinzi wa getini aliyesoma na mimi akanishinda kwa miezi miwili. Wasalimie wanakwaya wa Moraviani. Mwambie mama Sekela kwamba ujumbe wake wa "Saini tu, baba Sekela, usianze mambo yako" nimeupata na nimeuelewa, lakini mambo nilikuwa nimeshayaanza. Mimi natarajia kurudi Desemba, kiuno kikiruhusu.

Wako katika kubeba,

Yesaya Swila
(Kidato cha tatu, miezi minne)

NYONGEZA, Jumatano, 17 Januari.

Mwalimu, barua hii imekaa mfukoni siku tatu kwa sababu basi lilikwama kwenye matope. Katika siku hizo limetokea jambo.

Jumatatu nilimpigia Sekela simu ili nipate ushahidi wa kukazia sababu namba tano. Nikamwambia kuna vijana fulani hapa, walio chini yangu, wanabishia ile picha ya ubao. Hakucheka. Aliniuliza, "Baba, ubao wa hao vijana una urefu gani?" Nikasema hatua mbili. "Na mahali pa kuweka mzigo ni juu kiasi gani?" Nikasema kifuani. Nikasikia penseli inakwaruza karatasi. Kisha akasema, "Waambie watafute wa hatua nne na nusu. Watatembea zaidi, ila watatumia nguvu chini ya nusu ya ile ya sasa." Nikamshukuru kwa niaba ya vijana. Nilipotaka kukata simu akaongeza, "Mwambie hasa yule mwenye kiuno. Na umpe shikamoo yake."

Sijui amejua tangu lini. Nadhani ni tangu yale madirisha.

Jana tuliazima ubao kwa fundi seremala. Dereva mmoja wa Kizambia alipotuona nao alicheka mpaka akaegemea tairi. "Bamudala," akaniita, kama wanavyowaita wazee kwao, "mnajenga daraja la kwenda Lusaka?" Tulianza saa mbili asubuhi, na saa sita lori lilikuwa limejaa, nasi tulikuwa bado tunazungumza. Damiano aliuliza lori la pili liko wapi. Mtu huyo sijawahi kumsikia akiulizia lori la pili.

Boazi alipanda ubao ule mara nne bila kubeba kitu, akishuka na kupanda, akihesabu hatua zake. Halafu akasimama katikati. "Mzigo mwepesi, lori la mbali," akasema. "Huyu mtoto ameijua sheria yangu bila kukanyaga Tunduma. Yesaya, anasoma wapi?" Nilimtajia shule yako, Mwalimu, nami niliitaja kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Kwa hiyo maombi yangu yote manne hapo juu uyahesabu kuwa hayajaombwa, na Mwalimu wa Fizikia abaki alipo. Ningeichana barua, lakini hizo ni karatasi nne na mwandiko wangu haujawahi kutoka vizuri hivi. Leo basi limenasuka, nampa kondakta akutangulizie.

Fomu nimesaini. Penye kazi ya mzazi nimefuta "Afisa" nikaandika "Mpakia Mizigo," nikaweka saini ndogo pembeni ili isionekane kuna mtu amechezea. Penye Maoni ya Mzazi nimeandika, "Apitishe wino." Mistari miwili imebaki.

Fomu hiyo sitaki kuipa basi lenye tabia ya kukwama, naileta kwa mkono wangu, nikilazimika kuvuka matope kwa miguu nitavuka. Vitabu vitano viko tayari ndani ya kiroba. Cha sita anacho Boazi, amefika kwenye ukurasa wa kapi na kamba na hataki kusumbuliwa. Nitamnyang'anya kesho jioni. Keshokutwa, Ijumaa, kabla ya kengele ya saa nne, nitakuwa getini kwako nikiwa na hizi nguo za kazi, kwa sababu nyingine sijanunua. Mwambie Sekela baba yake anarudi.