Wavu wa Kupewa Njia

Jumatatu, 7 Juni 1999

Barabara ya Makobola imefungwa tena kwa sababu ya vita, watu wote wamehamia majini, na tangu leo ziwa lina sheria. Ametangaza hayo Térence, sekretere wa kamati ya maboti, saa mbili asubuhi ufukweni Mulongwe. Migongano ya wiki iliyopita: mitatu. Ya boti yangu ya injini: miwili.

Sheria zimeandikwa kwa chaki ubaoni. Boti ya injini impishe mwenye kasia. Injini mbili zikikatana, anayemwona mwenzake kuumeni, mkono wa kulia, ampishe. Wote wampishe mwenye wavu majini. Kuna na mistari mingine.

Jumamosi kwaya ya Kavimvira inakwenda harusini Makobola, watu arobaini na ngoma zao. Itabebwa na mimi au na Mama Pudentienne, mwenye boti ya injini kama yangu. Atakayevunja sheria kwanza, ameikosa.

Kwaya ni yangu.

Jumanne, 8 Juni

Nimepisha mara kumi na moja. Muuza ndizi mmoja alisimamisha mtumbwi wake mbele yangu ili akunje suruali. Mguu mmoja, kisha wa pili. Sheria inamlinda. Mama Pudentienne alitokea kuumeni mara tatu. Sidhani ni bahati. Abiria waliuliza kama tunakaribia. Mulongwe ilikuwa bado inaonekana nyuma yetu.

Jumatano, 9 Juni

Nimesoma ubao upya. Mwenye wavu! Hausemi kwamba lazima avue.

Nimeazima wavu mkuukuu kwa Bigirimana, mvuvi wa ndagala, dagaa wa huku. Aliuliza wa nini. Nikasema wa kuzuia kuku. Nimeutundika ubavuni, nusu majini, nikaondoka na abiria ishirini. Muuza ndizi amepisha. Mama Pudentienne naye amepisha, kisha akasimama kwenye boti yake, mikono kiunoni.

“Weye Sylvestre, ndagala inavuliwa usiku na taa. Ya saa sita ya mchana iko inatoka wapi?”

Nikaendelea kuutazama wavu. Mvuvi hapigi kelele. Kasi imepungua nusu, heshima imepanda.

Alhamisi, 10 Juni

Kanoti, boti ndogo ya askari wa doria, imetusimamisha mbele ya Kalundu. Afande aliona wavu, akauliza samaki. Nikasema bado. Akasema hana haraka, atangoja.

Tukangoja saa mbili nzima, yeye, askari wake wanne na abiria wangu wote. Mama mmoja alimsuka binti yake, akamaliza kichwa kizima. Mwishowe akanasa samaki mmoja, kuhe, mdogo kama kiganja. Afande akamchukua, akatutakia safari njema. Kwa furaha nikawasha injini. Wavu ulikuwa bado majini.

Helisi, lile panga la injini linalozunguka majini, imeusokota wote na injini imezima. Mama Pudentienne ametuvuta kwa kamba hadi Mulongwe, akiimba. Jambo la kuandikwa: njiani vyombo kumi na vinne vimenipisha. Muuza ndizi amepisha. Hata kanoti ya askari!

Ijumaa, 11 Juni

Térence ameamua: kwaya ni ya Mama Pudentienne. Kosa langu limeandikwa ubaoni, wavu bila mvuvi. Bigirimana amekuja kuuliza hali ya kuku. Nimekaa mchana kutwa nikimshonea wavu wake, kivulini, si kazi mbaya.

Mama Pudentienne amesema kesho nipande boti yake, harusini kuna mbuzi. Sharti moja: nikae katikati na nisiguse kitu. Nimekubali. Ni mama mwenye roho nzuri, ila hasomi ubao hadi mwisho.

Mimi nimesoma. Mstari wa chini kabisa, nyuma ya kapu la Térence: chombo kilichoharibika hupishwa na wote. Bila kuvua. Bila kupiga kasia.

Kwaya inarudi Jumatatu, tarehe 14, na boti ya kuirudisha haijapangwa. Helisi sitaigusa. Kamba ninayo, bado natafuta wa kunivuta. Nitaondoka saa kumi na mbili asubuhi, nikiwa nimeharibika tayari.