Tembo Wawili Kwenye Kopo la Mama Ketan

Jumatatu, 13 Oktoba

Tiiiing. Ndivyo ilivyolia. Si "tang" ya shilingi mia tano, wala "tek" ya hamsini, ambayo huanguka kama imekata tamaa. Hii ilidondoka kwenye sakafu ya Mama Ketan saa nne na robo asubuhi. Sasa ni saa kumi na moja jioni na bado inalia kichwani mwangu.

Ilivyokuwa: shangazi Matilda alinituma duka la jirani kuomba chenji. Hunituma mara sita kwa siku. Sisi tunauza ndoo na mabeseni kwa jumla, Mama Ketan anauza viungo. Nilimkuta na kopo la biskuti, anatoa sarafu zake za ibada. Jumamosi ni Dhanteras, siku mbili kabla ya Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu. Siku hiyo sarafu za nyumba huoshwa kwa maziwa. Moja ikamponyoka, ikabingirika hadi kwenye gunia la manjano. Nilipiga magoti kabla yake. Nikaona fedha nyeusi nyeusi. Nikaona tembo. Wawili!

Mama Ketan akainyakua, akasema asante mwanangu, akafunga kopo.

Nakusanya sarafu tangu nina miaka saba. Ninazo mia nne na kumi na mbili, nazijua zote kuliko ninavyowajua binamu zangu. Hii siijui. Siijui! Nikarudi bila chenji. Shangazi akauliza kama nilikuwa nasubiri wazichape.

Jumanne, 14 Oktoba

Sikukuu ya kitaifa. Duka limefungwa, akili yangu haijafungwa.

Ushahidi: mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, Wajerumani walitengeneza sarafu ya dhahabu Tabora, kwenye karakana ya reli. Ina tembo mmoja. Mmoja tu. Yetu ina wawili, tena ya fedha. Hitimisho (nimelikagua mara tatu): ni sarafu ya majaribio isiyomo katika kitabu chochote. Imegunduliwa na mimi, Anaeli, shahada ya historia, muuza ndoo.

Kisha nikakumbuka maziwa. Baada ya maziwa, Mama Ketan husugua kwa ndimu na chumvi ili zing'ae. Sarafu ya zamani haisuguliwi! Ule weusi ndio umri wake. Ni sawa na kumpiga bibi msasa ili kuondoa makunyanzi.

Kwa hiyo nikiichukua si wizi. Ni uokoaji.

Lazima niache nyingine mahali pake, yenye uzito uleule. Nimeshinda jikoni nikidondosha sarafu zangu sakafuni, moja moja, nikisikiliza. Shangazi aliuliza kutoka chumbani kama nimefungua kanisa. Saa tisa jibu likapatikana, na sikulipenda. Inayolia karibu na ile ni moja tu: rupia ya babu. Ya Wajerumani, ya mwaka 1890, Kaizari wao amevaa kofia yenye tai. Babu aliitunza kijijini Machame kwenye kopo la ugoro miaka arobaini, akawaruka wajukuu kumi na wanne akanipa mimi.

Sitaitoa. Haiwezekani.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimejaribu ukweli. Ni njia ngeni kwangu. Nilimpa Mama Ketan shikamoo ndefu, nikaomba kuiona ile sarafu dakika moja. Akasema marahaba, na hapana. Zikishatolewa hazichezewi mpaka siku yake. Akaongeza kuwa macho yangu yanamtisha, yamekuwa kama ya paka wa buchani, nile kwanza. Akanipa chevda, ule mchanganyiko wao wa dengu na karanga.

Nje, nani? Abdulatif. Anauza sarafu kuukuu kwenye turubai pale barazani, na amekuwa adui yangu miaka sita, tangu aliponipiku kwa sarafu ya shaba ya Sultani kwa sababu eti yeye aliiona kwanza. Akasema, "Dada wa ndoo, umeona kitu." Nikasema sijaona kitu. Akasema basi sawa, naye kesho atapita kwa Mama Ketan kununua pilipili.

Abdulatif ana vidonda vya tumbo. Hali pilipili!

Ijumaa, 17 Oktoba

Rupia ya babu imo mfukoni. Kwa majaribio tu.

Nilimwambia Mama Ketan kwamba, kwa kuwa mwanawe Ketan amesafiri na magoti yake yanamsumbua, mimi nitakuja kumshikia sinia. Alinishika shavu. Akasema hata Ketan mwenyewe hajawahi kumwambia maneno hayo. Niliona aibu dakika mbili hivi.

Mpango: nitakohoa sana. Yeye atageuka kuniletea maji. Rupia inaingia, tembo wanatoka, wanazama kwenye soksi yangu ya kulia. Nimefanya mazoezi mara thelathini. Shangazi amenichemshia tangawizi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mlangoni niliambiwa nivue viatu. Na soksi.

Nikaendelea bila soksi. Tukakaa chini, taa zimewashwa, sinia, bakuli la maziwa, sarafu ishirini na moja. Mama Ketan akaniambia nizioshe mimi, moja moja, nimpe. Yaani alinikabidhi! Hakukuwa na haja ya kukohoa. Nilikohoa hata hivyo, kwa heshima ya mpango. Akageuka kuchukua maji. Rupia ikaingia. Tembo wakatoka. Pa kuwaweka pakakosekana.

Nikawatia mdomoni.

Mama Ketan akarudi na glasi. Nikatikisa kichwa. Akaniuliza kama najisikia vizuri. Mmh. Akaniuliza kama nimeanza kuipenda ibada hii. Mmh. Akasema vijana wa siku hizi wanaropoka hata kwenye sala, lakini mimi nimejua kunyamaza. Kisha akanilisha laddu, kitamutamu cha mviringo, kwa mkono wake. Nikakataa. Akasema ni baraka, haikataliwi, fungua. Nilitafuna upande wa kushoto, tembo wakiwa upande wa kulia, machozi yakinitoka. Akayafuta kwa ncha ya sari. Akasema naye mwaka wake wa kwanza alilia.

Nimeiokoa sarafu isiguswe na maziwa. Imeishia kwenye maziwa, mate na laddu.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimeitazama kwa lenzi, dirishani, penye mwanga.

Tembo wawili wanammwagia maji mwanamke aliyesimama juu ya ua. Ni mungu wa kike wa mali, yuleyule wa kwenye kalenda ya Mama Ketan. Ninaiona kalenda hiyo mara sita kwa siku.

Upande wa pili, Kiswahili fasaha: JEET NA WANAWE, MASONARA. ASANTE KWA KUNUNUA BANGILI. Na namba ya simu ya tarakimu tano.

Niliipiga. Haipatikani. Sijui nilitaka kuwaambia nini.

Nikampelekea Abdulatif, nikasema kuna rafiki yangu anauliza. Alicheka mpaka akaishikilia turubai. Akasema yule sonara alimpa kila mteja moja, yeye anazo mfuko mzima, rafiki yangu achague. Kisha akasema, bila kucheka, kwamba jana jioni alikwenda tena kununua pilipili, na Mama Ketan akamwonyesha rupia ya Kaizari, inang'aa kwa ndimu, huku analia kwa furaha. Amempandishia bei mara nne. Mama Ketan amekataa mara nne.

Inang'aa kwa ndimu. Babu, nisamehe.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mama Ketan amefungua duka baada ya sikukuu. Niliingia, nikaweka tembo juu ya kaunta, nikasema yote. Mpango, kikohozi, mdomo. Aliendelea kupima jira mpaka nilipomaliza. Kisha akasema aliniona tangu mwanzo. Alifikiri naitoa rupia kuwa sadaka na naona haya kuitoa wazi, na laddu alinilisha haraka ili nitafune, nisije nikawameza tembo.

Nikaomba rupia yangu. Akasema imeshaoshwa, imeshaombewa, sasa ni ya kopo. Kopo halifunguliwi mpaka Dhanteras ijayo. Nije niioshe mwenyewe, niondoke nayo. Lakini nivae nguo yenye mfuko.

Ni sawa. Nimekubali. Nimejifunza.

Akainua kopo kulirudisha rafuni. Ndani kukalia tek, tek, tang. Halafu: doooong.

Nikauliza ile ni nini. Akasema hajui, ni ya baba mkwe wake, hata yeye haielewi. Anakumbuka ina bata.

Bata! Hakuna sarafu ya pwani hii yenye bata!

Nimemwandikia shangazi barua ya kuacha kazi na kuiweka ndani ya ndoo ya lita ishirini, ile ya juu. Naandika haya nikiwa nimekaa juu ya gunia la manjano, chini ya rafu ya kopo. Nimeshapima kilo tatu za bizari, kazi yangu mpya kwa Mama Ketan. Kabla ya kurudi hapa nilipita nyumbani kuchukua sarafu yangu ya pili kwa ubora. Imo mfukoni.